Hodi Isiyoitikiwa Karibu

Mswahili akihamia Uingereza, wa kwanza kumwandikia barua huenda akawa hamjui hata jina. Barua hufika ikiwa imeandikiwa "Mkaazi Halali" wa nyumba namba fulani, na ndani yake mna onyo: anwani hii haina leseni ya televisheni. Ya pili huja na maandishi mekundu. Ya tatu husema uchunguzi umefunguliwa. Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa, ambako kifurushi cha king'amuzi kikiisha picha hukatika na mambo yakaishia hapo, hubaki ameduwaa. Televisheni yenyewe hana, sasa anadaiwa nini?

Binamu yangu anayeishi Reading, Uingereza, alinitumia picha ya barua ya namna hiyo, akaniuliza kwa mkato: "Kaka, nilipe au niwapuuze?" Nilimjibu upesi kuliko nilivyopaswa. Nilimwambia kama hatazami, asilipe. Jibu lilikuwa sahihi kisheria, lakini swali lake lilikuwa kubwa kuliko jibu langu, na nimeendelea kulitafuna tangu siku hiyo.

Tuanze na sheria, maana watu wengi hugombana juu yake bila kuijua. Kuanzia Aprili 2025 leseni ya televisheni ya rangi ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka kwa kaya nzima. (Ya televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe ipo mpaka leo, mwaka huo ilikuwa pauni 58.50, na wapo wanaoilipia. Sijui wanatazama kwa macho gani.) Anayepaswa kuwa nayo ni yule anayetazama au kurekodi matangazo ya moja kwa moja ya kituo chochote, si BBC peke yake, na kwa kifaa chochote, hata simu ya mkononi. Tangu tarehe 1 Septemba 2016, na anayefungua iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, anadaiwa leseni pia. Anayetazama filamu za Netflix au video za zamani za YouTube hadaiwi kitu, na anaweza kutoa taarifa rasmi kwamba leseni haimhusu. Lakini anayetazama bila leseni ametenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya 2003, na faini yake inaweza kufika pauni 1,000. Kifungo hakipo kwa kosa lenyewe. Kipo kwa kushindwa kulipa faini.

Anayekuja kugonga mlango si polisi. Ni mfanyakazi wa kampuni iliyopewa kandarasi na BBC, na bila hati ya mahakama hana ruhusa ya kuvuka kizingiti. Kwa lugha ya kwetu, anapiga hodi na hulazimiki kuitikia karibu. Anayejua sheria hufunga mlango kwa adabu na mgeni akaenda zake. Asiyejua humkaribisha, humwonyesha sebule, hujibu maswali, kisha hutia sahihi fomu ambayo ndiyo itakayosomwa mbele ya hakimu.

Hapo ndipo ubovu wa utaratibu huu ulipo. Yale magari ya kunasa mawimbi yaliyoanza kuzunguka mitaani mwaka 1952 yamewatisha watu kwa miaka zaidi ya 70, lakini ushahidi wa kawaida mahakamani ni maneno ya mtu mwenyewe, aliyoyatamka amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Ndiyo maana katika wanaotiwa hatiani kwa kosa hili England na Wales, zaidi ya 7 katika kila 10 ni wanawake. Haina maana kwamba wanawake wa kule ni wakwepaji kuliko waume zao. Ni kwamba Jumanne mchana hodi inapopigwa, wao ndio wapo nyumbani, wengi wao wakilea peke yao, na wao ndio hufungua.

Na wakishashtakiwa, wengi hawaoni mahakama. Tangu 2015 kesi ndogo za aina hii huamuliwa na hakimu mmoja akisaidiwa na mshauri wa sheria, kwa makaratasi, mshtakiwa hayupo, mwandishi wa habari hayupo, benchi la wasikilizaji halipo. Mwaka 2019 walioshtakiwa kwa leseni walikuwa zaidi ya laki moja. Idadi imeporomoka sana tangu janga la korona, lakini utaratibu ni ule ule.

Sasa mlinganishe mama huyo na Charles Moore, mhariri wa zamani wa gazeti la Daily Telegraph. Huyu alitangaza hadharani kwamba hatalipa leseni mpaka BBC imwondoe mtangazaji Jonathan Ross, aliyeshiriki mwaka 2008 kumwachia mwigizaji mzee ujumbe wa simu wa kumdhalilisha. Mei 2010 alisimama mahakamani Hastings akatozwa faini ya pauni 262, mbali na gharama za kesi. Alikuwa na hoja, alikuwa na kalamu, na alikuwa na pesa za faini. Sina ugomvi naye. Alisimama kwa miguu yake na akakubali matokeo. Ninachosema ni kwamba mgomo wake ulisomwa na taifa zima, ilhali wale maelfu waliohukumiwa mwaka huo huo kwa kosa hilo hilo hawakuwa wamegoma. Walikuwa wamechagua umeme na maziwa ya mtoto kwanza. Sheria haikuona tofauti kati ya aliyekataa na aliyeshindwa, na kwa kweli aliyekataa ndiye aliyetoka na heshima.

Watu wanapozungumzia kugomea leseni, mara nyingi huzungumza kana kwamba ni kitendo kimoja. Mimi nadhani mgomo wa kweli unapimwa kwa swali dogo: unataka nini badala yake? Na mfano bora ninaoujua hautoki kwa wachukiao televisheni, bali kwa watu walioitaka zaidi.

Wales, miaka ya 1970. Wazungumzaji wa Kiwelsh walikuwa wakilipa leseni sawa na Mwingereza wa London, lakini lugha yao ilitengewa vipindi vichache, vingine saa ambazo mtu mzima yuko kazini au amelala. Chama cha Conservative kiliahidi kwenye ilani yake ya 1979 kwamba kitawapa chaneli yao. Kilipoingia madarakani, ahadi ikafutwa katika miezi michache. Watu wakaacha kulipa leseni, si kimyakimya bali kwa kutangaza, na kwenda mahakamani, na wengine jela. Wasomi watatu waliingia kwenye kituo cha mtambo wa kurushia matangazo wa Pencarreg wakauzima, wakashtakiwa. Wanachama zaidi ya 2,000 wa Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Wales, waliahidi kutolipa. Kisha Gwynfor Evans, aliyekuwa mbunge wa kwanza wa chama hicho, akatangaza kwamba kuanzia tarehe 6 Oktoba 1980 hatakula mpaka chaneli ipatikane au afe. Alikuwa na miaka karibu 68. Serikali ya Margaret Thatcher, ambayo haikujulikana kwa kubadili msimamo, ilisalimu amri tarehe 17 Septemba, wiki tatu kabla mzee hajaanza kufunga. Chaneli hiyo ya Kiwelsh, S4C, ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Novemba 1982.

Mtu wa Kiswahili akiisoma habari hii lazima atulie kidogo. Tumezoea kusikia lugha zikiombewa bajeti kwenye makongamano yenye chai na vitafunwa. Hawa waliigomea leseni kwa sababu ya lugha, wakakubali kufungwa, wakashinda. Lakini angalia walichokuwa nacho: dai moja lililo wazi, majina yaliyotajwa, na nia ya kulipa siku dai litakapotimizwa. Yule anayetazama mechi kila Jumamosi bila leseni kisha anajiita mpigania uhuru ana safari ndefu kuwafikia.

Afrika Kusini inaonyesha upande wa pili. Utawala wa makaburu uliichelewesha televisheni kwa makusudi, na matangazo ya kawaida ya SABC, shirika la utangazaji la taifa, hayakuanza mpaka Januari 1976. Ilipokuja, ilikuwa sauti ya serikali. Kwa hiyo katika miaka ya 1980, wakazi wa vitongoji vya Weusi walipogomea kodi za nyumba na ankara za huduma, hakukuwa na sababu ya kuiheshimu leseni ya televisheni. Nani angelipa ili atukanwe sebuleni kwake? Baada ya 1994 serikali mpya ililiona tatizo: watu waliofundishwa na mapambano kwamba kutolipa ni ujasiri sasa walitakiwa walipe. Mwaka 1995 ikaanzishwa kampeni ya Masakhane, maana yake tujengane, kuwashawishi watu warudi kwenye kulipia huduma. SABC nayo ikawa na tangazo lake la miaka na miaka likisema kulipa leseni ndilo jambo lililo sahihi kufanya.

Haikufua dafu. Leseni imebaki randi 265 kwa mwaka kwa zaidi ya muongo, fedha ambayo familia ya kipato cha kati hutumia kwa chakula cha mchana kimoja, na bado zaidi ya asilimia 80 ya wanaodaiwa hawalipi. SABC yenyewe ilichangia. Mei 2016, chini ya mkuu wake wa uendeshaji, Hlaudi Motsoeneng, shirika lilitangaza kwamba halitaonyesha tena picha za waandamanaji wakiharibu mali ya umma, na waandishi wanane waliopinga wakafukuzwa kazi. Raia akiambiwa alipe ili afichwe yanayotokea mtaani kwake, jibu unalijua. Hata hivyo sidhani kila asiyelipa leo Soweto au Sandton anafanya hivyo kwa ajili ya waandishi wale wanane. Mgomo usipofungwa rasmi hugeuka mazoea, na mazoea hayana madai ya kupeleka popote. SABC haiwezi kukaa mezani na watu ambao hawana wanachokitaka isipokuwa kuachwa.

Serikali nyingi zimeyatazama mambo haya zikafikia uamuzi mmoja: tatizo ni mlango. Ukiwa na mlango, mtu anaweza kuufunga. Basi uondoe.

Italia iliondoa mlango mwaka 2016. Ada ya RAI, shirika la utangazaji la taifa, iliingizwa kwenye ankara ya umeme. Kila mwenye mkataba wa umeme wa nyumbani akahesabiwa kuwa ana televisheni mpaka aapishe karatasi kila mwaka kwamba hana. Kabla ya hapo wakwepaji walikadiriwa kuwa zaidi ya robo ya kaya. Baada ya hapo wakabaki asilimia chache. Ada yenyewe ikashushwa kutoka yuro 113.50 hadi 100, kisha 90. Mtanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi mwanzoni na 1,500 tangu 2023 kwa nyumba ya kawaida, na mpangaji wa chumba kimoja Manzese anajikuta analipa kodi ya nyumba isiyo yake kila anaponunua umeme. Hakuna aliyepiga hodi. Hakuna wa kumfungia mlango. Ukitaka kugoma, washa kibatari.

Ujerumani ilifanya kwa njia yake: tangu Januari 2013 kila kaya inalipa, uwe na televisheni au redio au usiwe nayo, yuro 18.36 kwa mwezi tangu 2021. Mahakama ya Katiba ilibariki mwaka 2018, ikikataa tu mtu mmoja atozwe mara mbili kwa sababu ana nyumba mbili. Mwaka 2021 kuna mwanamume aliyekaa gerezani miezi sita, kwa sababu hakukubali kulipa wala kutoa orodha ya mali zake. Alisema hana televisheni. Hilo halikuwa na maana tena.

Ufaransa imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2022 iliifuta ada ya yuro 138, wananchi wakafurahi, na fedha za televisheni ya umma zikaanza kutolewa kwenye kodi ya ongezeko la thamani. Waandishi wa televisheni hizo waligoma mwezi Juni mwaka huo. Watu wengi walishangaa: mnagomea punguzo la kodi? Waliogoma walikuwa wameona jambo. Ada ikiwepo, wa kukataa ni mwananchi. Ada ikifutwa na fedha ikatoka hazina, kukataa hakupotei. Kunahamia kwa waziri wa fedha.

Hili ndilo ninaloliogopa kuliko leseni yenyewe, na linaniogopesha kwa sababu natoka mahali ambapo limeshafanyika. Sisi tulikuwa na leseni za redio na za baiskeli, wazee wanazikumbuka. Zimekwenda. TBC na KBC hazipigi hodi kwa mtu. Zinategemea bajeti ya serikali na matangazo ya biashara, na mtazamaji anayekasirishwa na taarifa ya habari ya saa mbili hana cha kuzuia. Hajawahi kutoa kitu mkononi, kwa hiyo hana kitu cha kunyima. Kodi yake imo humo, ila imechanganyika na barabara na mishahara ya walimu kiasi kwamba haitambui. Mwenye uwezo wa kunyima ni serikali peke yake, na mashirika hayo yanajua hivyo bila kukumbushwa.

Leseni ya Uingereza, pamoja na barua zake za vitisho, ina kitu ambacho malipo machache ya umma yanacho: raia anaweza kuikataa kihalali bila kuhama nchi. Aache kutazama, aseme hivyo, basi. Zaidi ya kaya milioni 3 zimefanya hivyo. Leseni zilizokuwa takriban milioni 26 mwaka 2018 zilikuwa milioni 23.8 kufikia 2025. Kwa BBC hiyo ni taarifa ya kila mwaka inayouma, na inapaswa kuuma. Kura kwenye uchaguzi haisemi lolote kuhusu tamthilia au taarifa ya habari. Leseni isiyokatwa inasema.

Hati ya Kifalme inayoiruhusu BBC kufanya kazi inaisha mwishoni mwa 2027, na mjadala umeshika moto. Wapo wanaotaka leseni ifutwe kabisa, wapo wanaotaka ada ya kaya kama Ujerumani. Kwangu mimi la kwanza lingekuwa dogo zaidi: deni la leseni liwe deni, lidaiwe kama deni la maji au la simu, lisimpeleke mama yeyote kwa hakimu. Tume iliyoongozwa na wakili David Perry mwaka 2015 ilipendekeza kosa la jinai libaki, kwa hoja kwamba vinginevyo ukwepaji ungeongezeka. Makadirio ya BBC yenyewe kwa mwaka 2024/25 ni kwamba asilimia 12.5 ya wanaopaswa kulipa hawalipi. Jinai ipo, na ukwepaji umeongezeka vile vile.

Lazima niseme pia kwamba mimi si mtu wa pembeni katika jambo hili, wala wewe msomaji. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957. Kwa zaidi ya nusu karne Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ndiyo iliyoilipia, mpaka Aprili 2014 mzigo ulipohamishiwa kwenye leseni. Tangu 2016 serikali imerudi na ruzuku, lakini sehemu kubwa ya gharama za idhaa za dunia imebaki kwa mwenye leseni. Kwa hiyo Dira ya Dunia inayosikilizwa barazani Mwanza au Bujumbura imelipiwa kwa sehemu na kaya ya Manchester isiyojua neno la Kiswahili. Bei ya leseni ilipozuiwa isipande mwaka 2022, idhaa za dunia ndizo zilizopitiwa na panga: redio ya Kiarabu, iliyokuwa hewani tangu 1938, ikanyamaza Januari 2023, na ya Kiajemi na ya Kihindi zilikuwa katika orodha hiyo hiyo. Hakuna aliyetupigia hodi sisi kutuuliza. Tunakunywa kisima ambacho hatukukichimba, na mwenye kisima anaulizana na jirani zake kama kifukiwe.

Binamu yangu alijaza taarifa kwamba hatazami. Barua zikakoma kwa muda. Kisha AFCON ikaja, na Taifa Stars ikawamo, na simu yake ilikuwa na uwezo wa kuonyesha mechi moja kwa moja kama televisheni yoyote. Nilikuwa nimemweleza sheria mimi mwenyewe, kwa hiyo hakunipigia kuuliza. Siku mbili kabla ya mechi ya kwanza alinitumia picha nyingine. Safari hii ilikuwa risiti.